Bustani ya Mashujaa wa Majimaji, Songea

Eneo la kumbukumbu la Mahenge, mjini Songea, kusini mwa Tanzania, limejengwa mahali walipozikwa viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, baada ya kushiriki Vita vya Majimaji, yaani vita vilivyoanza Umatumbi Julai 1905 na kuchukua jina lake kutokana na maji ya dawa yaliyoaminika kuzuia risasi. Miongoni mwa walionyongwa alikuwa nkosi Mputa Gama, nkosi akiwa ndiye mtawala mkuu. Nduna Songea Mbano, yaani jemadari aliyeupa mji huo jina lake, aliuawa siku chache baadaye na kaburi lake liko kando, mbali na lile la halaiki. Makumbusho yaliyofunguliwa hapo mwaka 1980 yamezungukwa na sanamu za viongozi hao, na kila Februari wananchi hukusanyika kuwaenzi. Hata hivyo, ilichukua zaidi ya karne moja hadi Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea Novemba 2023 na kuomba msamaha.