Kusomewa na Kusoma

Katika kisiwa cha Pemba, ambacho Waarabu walikiita Jazira ya Kijani, elimu iliingia kwa sikio kabla ya kuingia kwa jicho. Hata mtoto aliyezaliwa pasi na nuru ya macho, akipelekwa chuoni pamoja na wenzake, aliketi mkekani karibu na mwalimu, akasikiliza aya, akairudia, akasahihishwa, mpaka ikatua moyoni bila ya kuona hati. Barua alisomewa, wala hakuona haya, kwani wenye macho wengi nao walisomewa. Ila msomaji mwema alikuwa na adabu zake: hutaja kwanza ni nani aliyeandika, hutanabahisha panapoanza habari nyingine, na hurudi nyuma akiombwa.

Adabu hizo ndizo zilizotafutwa kwa taabu katika kompyuta. Mfumo wa Linux ulipokuwa mchanga, skrini yake ilikuwa maandishi matupu, mstari chini ya mstari, na kivinjari cha Lynx, kilichotungwa katika Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1992, kilimfaa asiyeona karibu sawa na aonaye. Balaa ilikuja na madirisha na picha, maana picha ya neno si neno. Programu ya kumsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini ikawa mfano wa tarishi aliyekabidhiwa bahasha asiyoweza kuifungua. Ikabidi kivinjari chenyewe kifunzwe kunong'ona kilicho nacho: hiki kichwa cha habari, hiki kiungo, hapa pa kuandika jina.

Mwaka 2004, ndio ule ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, Marc Mulcahy, ambaye naye haoni, alianza kuunda programu ya namna hiyo kwa ajili ya Linux, iitwayo Orca, katika kampuni ya Sun Microsystems. Jina hilo ni la nyangumi awindaye hata papa, na lilikusudiwa kuitania JAWS, programu kama hiyo ya Windows, ambayo jina lake hukumbusha taya za papa. Wavuvi wa Kojani, Pemba, wangalicheka bila ya kufasiriwa. Orca iliingia katika GNOME, mazingira ya madirisha ya Linux, mwaka 2006, na kivinjari cha Firefox 3 cha mwaka 2008 ndicho kilichoelewana nayo barabara. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, mwaka ambao waya wa umeme wa chini ya bahari uliwasili Pemba kutoka Tanga, waliokuwa wakiihudumia Orca walitawanyika, na amana ikabaki mikononi mwa Joanmarie Diggs. JAWS hununuliwa kwa fedha nyingi. Orca hailipiwi hata senti, nalo si jambo dogo kwa watu wahesabuo pato lao kwa msimu wa karafuu.

Kijana mmoja asiyeona, wa Wete, Pemba, alinionesha Orca inavyofanya kazi. Alibonyeza H, akaruka kutoka kichwa hadi kichwa, na eSpeak, programu inayoipa kompyuta sauti, kwa sauti yake kavu ya Kiswahili, ikamsomea mbio kuliko nilivyoweza kufuata. Kisha akafika kwenye fomu ambayo mtengenezaji wake hakuvipa vitufe majina: kitufe, akasikia, tena kitufe, tena kitufe. Akaondoa vidole kwenye kibodi, akanigeuzia uso.

"Maalim," akasema, "hebu nisomee hapa."