Thou

Thou ni neno la Kiingereza cha zamani lenye maana ya “wewe”, yaani kiwakilishi cha nafsi ya pili, umoja. Likitendwa liligeuka “thee”. Katika kumilikisha likawa “thy” au “thine”. Wingi wake ulikuwa “ye”, na “you” ilikuwa “ninyi” wanaotendwa. Kwa hiyo “you” anayoambiwa kila mtu leo ni neno la wingi lililomeza mengine yote.

Asili yake ni þū ya Kiingereza cha Kale, iliyoandikwa kwa herufi ambayo Kiingereza kimekwisha kuiacha. Ni ndugu wa “du” ya Kijerumani na “tu” ya Kilatini. Hapo mwanzo halikubeba heshima wala dharau: mfalme na mchunga nguruwe wote waliambiwa neno hilohilo, mradi mwambiwa ni mmoja.

Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mabwana, na baadaye desturi yake ya kumwambia mkubwa kwa wingi ikaingia katika Kiingereza. Thou ikabaki ya watoto, watumishi, wapenzi na Mungu. Anayejua uzito wa kumwita mzee “we!” atalielewa jambo hili upesi. Mwaka 1603, Sir Walter Raleigh aliposhtakiwa kwa uhaini, mwanasheria mkuu Edward Coke alimtupia thou mbele ya mahakama, tena akaligeuza neno lenyewe kuwa kitenzi, ili kumvua hadhi.

Wakwekeri, dhehebu la Kikristo la wafuasi wa George Fox, walilichukua kwa nia tofauti kabisa. Waliamini kwamba kumwambia mtu mmoja kwa wingi ni uongo na ni kuchochea kiburi, basi wakawaambia thou hata mahakimu. Walipigwa kwa ajili hiyo, na wengine wakafungwa. Ni watu wachache walioteswa kwa sababu ya sarufi, na ushujaa wao unastahili kukumbukwa.

Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611 ililishika neno hili kwa sababu nyingine: Kiebrania na Kiyunani hutenganisha mmoja na wengi. Katika Luka 22:31-32, Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka wanafunzi wote, kisha kwamba amemwombea yeye peke yake. Msomaji wa Kiswahili huiona tofauti hiyo papo hapo, kwa “wa-” na “ku-”. Kiingereza cha leo huandika “you” mara zote mbili, na maana hiyo nzuri hupotea.

Kufikia mwisho wa karne ya 17 thou ilikuwa imeanza kutoweka katika mazungumzo ya kawaida. Sababu inayotajwa sana ni kwamba kati ya watu wasiojuana ilikuwa salama zaidi kuzidisha heshima kuliko kuipunguza. Likabaki katika sala na mashairi, na ndiyo maana wengi hulidhani neno la fahari, ilhali lilikuwa neno la jikoni na kitandani.

Huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, baadhi ya wazee wangali wanalisema kwa umbo la “tha”, rafiki kwa rafiki.