Ufuatiliaji wa Uzingatiaji: Istilahi ya Mpakani na Tafsiri Yake

Barabara itokayo Mbeya, ikapita Tukuyu na kuteremkia Kyela hata mpakani Kasumulu, palipo mto Songwe ututengao na Malawi, imewazoesha watu wa Rungwe, na sisi wa Kinyala miongoni mwao, kumwona msafiri kila siku ya Mungu. Na kwa sababu hiyo, lilipozuka janga la korona mwaka 2020, swali la nini aambiwe mgeni anapoingia, na nani ahakikishe kuwa amelishika aliloambiwa, halikuwa kwetu mas'ala ya mbali. Mnamo Machi mwaka huo Serikali iliamuru kwamba wasafiri watokao katika nchi zilizoathirika watengwe siku 14 kwa gharama zao wenyewe, na amri hiyo ikaondolewa Mei 18. Hapo ndipo ilipotujia istilahi ya Kizungu iliyofungamanisha mambo mawili, yaani kuliangalia jambo kwa muda bila ya kuliacha, na mtu kutenda sawasawa na alivyoagizwa. Nayo aghalabu hufasiriwa "ufuatiliaji wa uzingatiaji wa masharti ya afya".

Nianze na neno la kwanza, maana ndilo lenye siri kubwa. Kutokana na fuata tumepata fuatia, na kutokana na fuatia tukapata fuatilia, na kule kurudufiwa kwa kiambishi cha kutendea ndiko kunakotia ndani ya kitenzi maana ya kushikilia na kutokukoma, kama vile atupiliaye mbali kitu asivyokusudia kukirudia tena. Mganga wa mpakani amwekeaye msafiri kipimajoto usoni hafuatilii. Anakagua, na ukaguzi ni tendo la dakika moja, lenye mwanzo na mwisho pale pale kwenye meza. Ufuatiliaji huanza baada ya gari kuondoka Kasumulu, pale msafiri anapokuwa ameshapanda milima yetu, ameingia nyumbani kwa jamaa zake, na hakuna askari wala daktari amwonaye. Atumiaye neno ukaguzi kwa kazi hii ya siku kumi na nne amelipunguza jambo hata likabaki sehemu yake ndogo mno.

Hapo tena lazima tutofautishe vitu viwili vinavyochanganywa sana. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, zinazungumzia kuangaliwa kwa hali ya afya ya msafiri kwa muda ili ijulikane kama yumkini atasambaza maradhi. Na hilo ni kuangalia mwili: je, ana homa, anakohoa, amepungukiwa pumzi? Istilahi yetu haiangalii mwili, bali mwenendo: je, amebaki ndani kama alivyoahidi, amevaa barakoa, amejitenga na wazee? Mtu aweza kuwa mzima kabisa naye amevunja masharti yote, na mwingine akawa mgonjwa hali amevishika vipengele vyote bila ya kukosa kimoja. Mwandishi asiyetenga mawili haya huweza kumhukumu mgonjwa kana kwamba ni mhalifu, nalo ni kosa zito.

Ama neno la pili, wapo wapendao utii, na sina ugomvi na asili yake ya Kiarabu, ambayo ni ile ile ya taa ya mwana kwa wazazi wake. Lakini utii huelekea kwa mwenye amri, nao hudumu maadamu macho ya mwenye amri yapo. Uzingatiaji huelekea kwenye sharti lenyewe, kwa kuwa azingatiaye amelitia jambo moyoni na kulipima. Mwezi Mei mwaka 2021, nchi yetu ilipoweka masharti mapya na kutaka cheti cha kipimo kisichozidi saa 72, wakaazi waliorejea kutoka nchi zenye virusi vya aina mpya waliruhusiwa kujitenga nyumbani kwao. Sharti la namna hiyo hushikwa usiku, mlango ukiwa umefungwa. Na kwa hiyo naliona neno uzingatiaji kuwa ndilo lililosema kweli.

Dunia nyingine ilitafuta njia za chuma. Hong Kong iliwavika wageni mikanda ya mkononi ya kuhakikisha kuwa hawatoki walikojitenga, na Poland ikawataka waliotengwa wajipige picha kwa programu ya simu ili ithibitike kuwa wako nyumbani. Kale ilitumika bahari: katika kisiwa cha Changuu karibu na Unguja, ambako jengo lililokusudiwa kuwa gereza miaka ya 1890 liliishia kuwa mahali pa karantini, msafiri alizuiwa na maji yenyewe, wala hapakuwa na haja ya kumfuatilia. Karantini yenyewe hatukuibuni; imetokana na neno la Kitaliano la arubaini, idadi ya siku ambazo meli ilikaa nangani kabla ya watu wake kuruhusiwa kushuka, ingawa mji wa Ragusa mwaka 1377 ilianza kwa siku thelathini tu.

Kwetu Rungwe tunaye mjumbe, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na jirani. Salamu ya Wanyakyusa ni "Ugonile", na asili yake ni kuuliza kama mtu amelala. Nimeshawishika kwamba anayepita kila asubuhi mlangoni kwa msafiri aliyejitenga, akasimama mbali na kumsalimia hivyo, huwa ameshaianza kazi hii kabla hajauliza lolote juu ya masharti, maana huuliza kwa huruma, si kwa kupeleleza. Upelelezi humtafuta mkosaji. Ufuatiliaji humsindikiza aliyeahidi.

Nakiri kwamba istilahi hii ni nzito kinywani, yenye -aji mara mbili mfululizo. Basi ibaki hivyo katika vitabu vya sheria na taarifa za wizara, lakini katika mabango ya Kasumulu na matangazo ya redio, nawasihi waandishi watumie kitenzi: "Tunafuatilia wasafiri wanavyozingatia masharti ya afya."