Sura inapopinda ghafla: paralizi ya Bell, na yale majaribio ya wanganga yameonyesha

Mutu analala vizuri. Asubuhi anasukutua kinywa, maji yanatoka pembeni. Anajiangalia kwenye kioo: nusu ya sura imeshuka, jicho moja halifungi, midomo imevutwa upande mwingine. Mikono na miguu inafanya kazi kama kawaida. Iwe Bukavu, Butembo, Uvira ao Kalemie, neno la kwanza la majirani linajulikana: amerogwa, ao shetani amemupiga kofi usiku. Neno la pili, kama kuna mutu aliyesoma kidogo pale nyumbani, ni AVC. Mara nyingi haya yote mawili si kweli.

Wanganga wanaita ugonjwa huu paralizi ya Bell. Ni kupooza kwa ghafla kwa neva ya 7 ya kichwa. Kuna jozi 12 za neva zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo, na kila jozi iko na kazi yake: kunusa, kuona, kugeuza macho, kusikia, kumeza. Ya 7 ndiyo inaamuru misuli ya sura, yaani kukunja paji, kufunga jicho, kucheka, kupiga mulunzi. Inabeba pia ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi, na inaamuru musuli mudogo ndani ya sikio unaopunguza nguvu ya sauti. Ndiyo maana wagonjwa wengi wanasema chakula hakina ladha, ao sauti ya redio inawapiga kwa nguvu upande ule.

Shida ni njia ambayo neva hii inapita. Iko ndani ya mufereji mwembamba sana wa mufupa, nyuma ya sikio. Neva ikivimba, mufupa hauwezi kupanuka, basi inajibana yenyewe kama mupira wa maji uliokanyagwa. Ni nini kinaivimbisha? Katika mwaka 1996 wanganga wa Japani walichunguza maji yanayozunguka neva kwa wagonjwa 14 waliopasuliwa, wakakuta alama za virusi vya herpesi (vile vinavyoleta vidonda vya mudomo wakati wa homa) kwa 11 kati yao. Virusi hivyo vinalala mwilini mwa watu wengi sana tangu utoto, na siku moja vinaamka. Hayo ndiyo maelezo yanayokubaliwa na wengi, hata kama hayajafunga mulango kwa maelezo mengine.

Jina linatoka kwa Charles Bell, munganga aliyezaliwa Edinburgh, ambaye katika mwaka 1821 aliandika juu ya kazi ya neva hii. Lakini ugonjwa wenyewe ni wa zamani kuliko yeye. Ar-Razi, munganga wa Uajemi, aliueleza karibu miaka 900 mbele yake.

Na si ugonjwa wa watu wachache waliochaguliwa na wabaya wao. Hesabu zilizofanywa katika inchi mbalimbali zinaonyesha watu 15 mpaka 30 kati ya 100,000 kila mwaka. Kwa muji wa watu milioni moja, ni wagonjwa 150 mpaka 300 kwa mwaka. Wanawake walio katika miezi ya mwisho ya mimba, ao waliotoka kuzaa, wanapatwa zaidi, na vilevile watu wenye ugonjwa wa sukari.

Paji la uso linasema nini

Mbele ya yote, AVC. Munganga atamwambia mugonjwa anyanyue nyusi kama mutu aliyeshangaa. Katika paralizi ya Bell, paji upande wa ugonjwa linabaki laini, halina mikunjo, kwa sababu neva yenyewe imekatika kazi. Katika AVC, mara nyingi paji linakunjika pande zote mbili na mudomo tu ndio unapinda, kwa sababu misuli ya paji inapokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo: upande mumoja ukizimika, ule mwingine unaendelea.

Hiyo ni alama inayosaidia munganga, si ruhusa ya kujipimia nyumbani. Kama kupinda kwa sura kunakuja pamoja na mukono ao muguu kulegea, maneno kukwama, kuona mbilimbili, kizunguzungu ao kichwa kuuma vikali, hakuna kungojea asubuhi. Mupakie mugonjwa kwenye moto ao gari, mwende hospitali.

Paralizi ya Bell inajitengeneza kwa masaa, ikizidi sana siku tatu. Sura inayopooza polepole kwa majuma na miezi ni kitu kingine, na lazima itafutwe: inaweza kuwa uvimbe unaokua.

Kwa nini kila dawa "inaponyesha"

Hapa ndipo maneno yanakuwa magumu, na ndipo inafaa kukaa kidogo.

Munganga mumoja wa Copenhagen, Erik Peitersen, alifuata wagonjwa kwa miaka 25 bila kuwapa dawa yoyote, ili aone ugonjwa unaenda wapi wenyewe. Katika mwaka 2002 alitangaza matokeo ya watu 1,701 wenye paralizi ya Bell. Kwa 85 kati ya 100, sura ilianza kurudi mbele ya majuma matatu kuisha. Mwishoni, 71 kati ya 100 walipona kabisa. Watoto wa miaka 14 kushuka walifanya vizuri zaidi, 90 kati ya 100. Wazee waliopita miaka 60 ndio walioumia: karibu theluthi moja tu walirudi sawa kabisa.

Fikiri sasa juu ya mutu anayechua sura kwa majani ya moto, ao anayechanja shavu kwa wembe, ao anayepiga kofi upande wa pili "ili irudi". Wagonjwa 100 wakipita kwake, 71 watapona. Wote 71 watamusifu sokoni na kanisani. Wale 29 watanyamaza nyumbani. Hadanganyi, pengine anaamini kabisa kazi yake. Lakini farmasi inayouza vitamini B kwa ugonjwa huu iko katika hali ileile, na hata munganga mwenye blusi nyeupe anaweza kuingia katika mutego huo. Kwa ugonjwa unaopona wenyewe mara nyingi, kuona mugonjwa amepona hakuonyeshi kwamba dawa ndiyo imemuponyesha.

Njia ya kutoka ni kulinganisha. Ndiyo kazi waliyofanya wanganga wa Scotland kati ya 2004 na 2006, katika hospitali 17. Mbele yao, majaribio yalikuwa madogo, na waliopitia matokeo yake walisema haijaonekana wazi kama kortizoni inasaidia ao hapana. Wao walichukua wagonjwa 551, wote wakiwa wamefika mbele ya masaa 72 kupita. Kwa kura, bila munganga wala mugonjwa kujua, wengine walipewa prednizoloni (ni aina ya kortizoni), wengine asikloviri ambayo inapigana na virusi vya herpesi, wengine zote mbili pamoja, na wengine vidonge visivyo na dawa ndani. Siku kumi tu. Kisha wakangojea.

Matokeo yalitoka katika mwaka 2007. Kisha miezi mitatu, waliopata prednizoloni walikuwa wamepona 83 kati ya 100, na wasioipata karibu 64. Kisha miezi tisa, 94 na karibu 82. Asikloviri haikuongeza kitu. Hilo lilishangaza wengi, maana kama ni virusi, dawa ya virusi ilitakiwa kufanya kazi. Pengine wakati sura inapinda virusi vimekwisha kufanya ubaya wao, na kinachobaki ni uvimbe.

Mwaka uliofuata, Sweden na Finland walitangaza jaribio lao la wagonjwa 829. Kisha mwaka muzima, 72 kati ya 100 walipona na prednizoloni, 57 bila yake. Dawa yao ya virusi, valasikloviri, nayo haikusaidia. Mutu anaweza kuuliza kwa nini hesabu zao ziko chini kuliko za Scotland. Ni kwa sababu walitumia kipimo kingine, kikali zaidi, kuamua nani "amepona kabisa". Kutoka kwa matokeo kama hayo, chama cha Marekani cha wanganga wa masikio, pua na koo kiliandika mashauri yake katika mwaka 2013: kortizoni ya kumeza kwa wagonjwa kuanzia miaka 16, ianze mbele ya masaa 72, dawa ya virusi peke yake, hapana, kuziunganisha mbili, inawezekana kama munganga anaona inafaa, skaneri na vipimo vingi vya damu kwa kila mutu, havihitajiki.

Kwa watoto, mambo si hayohayo. Jaribio lililotangazwa katika mwaka 2022, lililoongozwa na wanganga wa Australia, lilifuata watoto 187. Kisha mwezi mumoja, waliopewa prednizoloni hawakuwa mbele ya wale wengine. Watoto karibu wote walipona ndani ya miezi sita, kwa dawa ao bila dawa.

Kwa hiyo saa inayohesabu kwa mutu mukubwa ni ile ya siku tatu za kwanza. Siku ya nne akiwa bado kwa mupiga ramli, faida ile ya watu 13 ao 19 kati ya 100 inapungua ao inapotea. Prednizoloni si dawa ya ajabu, iko katika orodha ya dawa za lazima ya OMS, na ni kidonge cha bei ndogo. Hata hivyo, usiende kuinunua kwenye farmasi kama pipi. Inapandisha sukari na tansio, inaweza kuamusha kifua kikuu kilicholala, na inaumiza tumbo lenye vidonda. Munganga ndiye apime kwanza.

Jicho haliwezi kungojea

Watu wanalilia mudomo, sababu ndio unaoonekana. Wanganga wa macho wanaogopa kitu kingine. Jicho lisilofunga linakauka, vumbi la njia linaingia, kioo cha jicho kinatoboka. Sura inaweza kurudi kisha miezi miwili, lakini jicho lililopata kidonda linaweza kubaki kipofu. Muchana: matone ya machozi ya bandia mara nyingi, na miwani ya kuzuia upepo, hasa kwa wenye kupanda moto. Usiku: pomadi ya macho iliyoandikwa na munganga, kisha kufunga kope kwa sparadra. Kope zifungwe sawasawa mbele ya kubandika, la sivyo sparadra yenyewe itakwaruza jicho. Majani, ndimu, mafuta ya kula, hata moja isiwekwe mule.

Sababu zingine, hasa hapa kwetu

Majaribio yale yalifanywa katika inchi za mbali. Neva ni ileile, lakini orodha ya sababu zinazofanana na paralizi ya Bell si ileile. Tangu mwisho wa miaka ya 1980, wanganga wa Afrika ya Kati, na hasa wa Bangui, waliandika kwamba kupooza kwa uso kunaweza kuwa alama ya kwanza ya VIH, wakati mutu bado anajiona muzima. Inaweza kutokea mapema sana hata kipimo kikatoka bila kuonyesha kitu, na kinatakiwa kurudiliwa kisha majuma kadhaa. Pande zote mbili za sura zikipooza, sababu hiyo itafutwe zaidi.

Sikio la mutoto linalotoka usaha tangu muda linaweza kula mufupa mpaka kwenye neva. Hapo kazi ni kutibu sikio, na haraka. Ukoma nao unaharibu neva hii na kuacha jicho wazi. Malengelenge yanayouma ndani ya sikio ao juu yake, pamoja na sura kupinda, ni ugonjwa wa Ramsay Hunt, ulioelezwa katika mwaka 1907. Unatoka kwa virusi vya tetekuwanga, unaacha alama nyingi zaidi, na kwa huo dawa ya virusi inatolewa.

Wale wasiopona kabisa

Neva inaota tena polepole, na wakati mwingine nyuzi zake zinakosea njia. Mutu akicheka, jicho linajifunga. Akikula, machozi yanatoka, kitu ambacho wanganga wanaita machozi ya mamba. Kinezi anaweza kufundisha mazoezi ya polepole mbele ya kioo. Ushahidi wake si mwingi, lakini wagonjwa wengi wanasema inawapa uwezo juu ya sura yao. Mashine ya kupitisha umeme kwenye shavu haijaonyesha faida, na mutu asiuze mbuzi juu yake. Jean Chrétien alibaki na mudomo uliopinda tangu ujana wake. Katika kampeni ya 1993 wapinzani wake walitoa tangazo lenye picha za sura yake, watu wakakasirika, na yeye akawa waziri mukuu wa Canada kwa miaka kumi.

Kama miezi mitatu imepita na sura haijasogea hata kidogo, ao kama ilianza kurudi kisha ikapooza tena, mugonjwa arudi hospitali kubwa. Hapo ndipo skaneri inakuwa na maana, kwa kutafuta kile ambacho hakikuonekana siku ya kwanza.