Unakwenda Moscow au St Petersburg? Kadi yako ya benki iache nyumbani

Unaweza kutua Moscow ukiwa na mamilioni kwenye akaunti na bado ukashindwa kununua chupa ya maji. Hilo ndilo jambo la kwanza msafiri anapaswa kulijua, kabla hata ya kufikiria koti la baridi.

Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Visa na Mastercard zilisitisha shughuli zao nchini humo. Tangu hapo kadi ya kampuni hizo iliyotolewa Nairobi, Dar es Salaam au Dubai haifanyi kazi dukani wala kwenye ATM. Usidanganyike ukiona nembo ya Visa mlangoni mwa mgahawa au Mrusi mbele yako akilipa kwa kadi. Yake imetolewa na benki ya huko na inapita kwenye mfumo wa ndani.

Kwa hiyo ni pesa taslimu. Beba dola au euro, noti safi zisizochanika wala kuandikwa kitu, kwa sababu noti chakavu hukataliwa au hukatwa ada. Badilisha benki, ukiwa na pasipoti mkononi, na achana kabisa na mtu anayekufuata mtaani na bei tamu. Ukibeba zaidi ya dola 10,000 lazima uzitangaze forodhani. Piga hesabu ya siku zako zote, kisha ongeza za siku mbili tatu: viwanja vya ndege vya Moscow hufungwa ghafla kwa saa kadhaa kukiwa na tishio la droni, na ndege huchelewa. Booking.com na Airbnb nazo zilijiondoa, hivyo wasiliana na hoteli moja kwa moja na uulize kama utalipa ukifika.

Shida ya pili ni simu. Tangu Januari 2025 mgeni hawezi kununua laini ya Urusi kirahisi. Lazima aende duka la kampuni ya simu na asajiliwe kwa alama za mwili, na mlolongo wake ni mrefu kwa mtu wa wiki moja. Facebook na Instagram zimefungwa. Pakua ramani za kutumia bila intaneti ukiwa bado nyumbani, na uandike anwani ya hoteli kwa Kirusi kwenye karatasi ya kumwonyesha dereva.

Jifunze pia herufi zao, hata kwa jioni moja tu. P yao ni R, H ni N, C ni S. Ukiona PECTOPAH barabarani, hapo ni restorani.

Ndani ya mji, metro ndiyo mkombozi. Moscow nunua kadi ya Troika, St Petersburg ni Podorozhnik, zote unaweza kuzijaza kwa pesa taslimu. Metro ya Moscow huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kufunga saa saba usiku. Angalia rangi ya njia, si jina peke yake, maana kuna vituo viwili tofauti vyote vinaitwa Arbatskaya.

St Petersburg ina mtego wake. Kuanzia Aprili hadi Novemba madaraja ya mto Neva huinuliwa usiku ili meli zipite, takriban kati ya saa saba na saa kumi na moja alfajiri. Kama hoteli yako iko kisiwa cha Vasilyevsky na wewe bado unakula maisha Nevsky Prospekt, utasubiri kupambazuke.

Kati ya miji hiyo panda treni ya Sapsan, kama saa nne hivi. Tiketi huandikwa kwa pasipoti. Kremlin hufungwa Alhamisi, jumba la makumbusho la Hermitage Jumatatu, kwa hiyo panga siku zako vizuri.

Pasipoti, viza na kadi ya uhamiaji unayopewa mpakani tembea navyo. Polisi hukagua hati, na mtu mweusi husimamishwa mara nyingi zaidi. Jibu kwa utulivu. Ndani ya siku saba za kazi lazima uandikishwe unakokaa. Hoteli hukufanyia, lakini ukifikia kwa rafiki, mwenye nyumba ndiye anapaswa kwenda. Usipige picha za wanajeshi, wala usijadili vita hadharani au mtandaoni, maana kuna sheria za kifungo.

Na mtu akikutafuta na kazi nono huko, usisaini karatasi ya Kirusi usiyoielewa. Serikali ya Kenya imekiri kwamba raia wake waliahidiwa ajira wakajikuta jeshini. Viza ya utalii haikupi ruhusa ya kufanya kazi yoyote.

Dharura ikitokea, piga 112. Saa huna haja ya kurekebisha: Moscow na Afrika Mashariki zinakwenda saa moja.