Taarifa bila stakabadhi: mjadala wa tangu enzi za ARPANET

Je, mtoa taarifa asubiri kuthibitishiwa kuwa ujumbe wake umepokewa, au aseme na kwenda zake? Swali hilo limewagawa wajenzi wa mitandao ya kompyuta kwa miongo kadhaa.

Katika ARPANET, mtandao wa Marekani uliopitisha ujumbe wake wa kwanza Oktoba 29, 1969, mitambo ya njiani ilirudisha stakabadhi kwa kompyuta iliyotuma, kuijulisha kwamba ujumbe umefikishwa. Mwaka 1974, Vinton Cerf na Robert Kahn walipendekeza jukumu hilo libebwe na kompyuta zenyewe za pande mbili. Hata hivyo, si kila ujumbe unaoweza kungoja. Katika mazungumzo ya sauti, neno lililochelewa halina thamani tena. Ndipo Agosti 1980 ikatolewa itifaki ya UDP, isiyodai jibu lolote.

Stakabadhi nazo zina gharama, kwani mtumaji asiyejibiwa hurudia kutuma. Oktoba 1986, kasi ya mawasiliano kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, umbali wa yadi 400 hivi, iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Njia ilikuwa imejaa, na kompyuta zikazidi kuijaza kwa marudio. Tiba aliyoichapisha Van Jacobson mwaka 1988 ilimtaka mtumaji apunguze mwendo kila anapoona data zinapotea.

Mwaka huo huo, Jeffrey Case na wenzake watatu walitoa SNMP, itifaki ya kusimamia vifaa vya mtandao. Kifaa kinapopata hitilafu hutuma taarifa mara moja, bila kungoja jibu. Hoja ilikuwa kwamba kifaa kisibebeshwe mzigo mkubwa. Taarifa ni ya kumzindua tu msimamizi, naye ndiye wa kuuliza zaidi.

Lakini habari za kuharibika kwa mtandao husafiri katika mtandao huo huo ulioharibika. Zikipotea, kimya cha kifaa chaweza kudhaniwa kuwa ni uzima. Hivyo, toleo la pili la mwaka 1993 likaongeza taarifa ya aina nyingine, inayodai jibu na inayoweza kurudiwa isipojibiwa. Ile ya zamani haikufutwa. Toleo la tatu, lililopewa hadhi ya kiwango kamili mwaka 2002, lilibakiza zote mbili, na uchaguzi ukaachiwa wasimamizi.

Pengine neno zito zaidi lilikuwa limekwisha kutolewa mwaka 1984 na Jerome Saltzer, David Reed na David Clark. Walieleza kwamba stakabadhi ya ARPANET haikuzisaidia sana programu zilizoitumia. Ilithibitisha kwamba ujumbe umefika, ilhali mtumaji alitaka kujua iwapo umefanyiwa kazi. Jibu hilo haliwezi kutolewa na mitambo ya njiani, bali na mpokeaji mwenyewe.