Ngozi ya soseji iliyomwokoa bibi wa Kampen

Septemba 2025 ilitimia miaka 80 tangu mashine ya kusafisha damu imwokoe mgonjwa wa kwanza aliyekuwa mahututi kwa figo kushindwa kazi. Anayeugua hivyo leo hapa kwetu Bujora hukimbizwa Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima jijini Mwanza, kilomita 20 hivi.

Mskoti Thomas Graham alieleza mwaka 1861 jinsi utando unavyotenganisha vitu majini, na Georg Haas wa Ujerumani akajaribu njia hiyo kwa binadamu mwaka 1924. Aliyefanikiwa ni Willem Kolff, daktari kijana wa Kampen, mji mdogo wa Uholanzi uliokuwa umekaliwa na jeshi la Hitler. Vifaa vilikuwa adimu. Akachukua mrija wa selofeni, ile ya ngozi za soseji, akauzungushia pipa la mbao, na pipa akalizamisha nusu katika maji ya chumvi. Damu ilipita mrijani pipa likizunguka. Urea, mojawapo ya taka za damu, ikapenya vitundu vya selofeni na kuingia majini, chembe za damu zikabaki kwa ukubwa wake.

Alianza Machi 1943. Mgonjwa baada ya mgonjwa alifariki. Septemba 1945 akaletewa Sofia Schafstadt, bibi wa miaka 67 aliyekuwa kizuizini kwa kushirikiana na Wanazi. Wapo waliotaka aachwe afe. Kolff hakuwasikiliza, alimsafisha damu kwa saa nyingi hadi akazinduka. Kwa masimulizi ya Kolff mwenyewe, la kwanza bibi alilotamka ni kwamba atamwacha mumewe, na akamwacha kweli. Huo ndio udaktari ninaouheshimu: mgonjwa haulizwi ni wa upande gani. Baadaye Kolff aligawa mashine zake bure kwa hospitali za nchi nyingine.

Tando za viwandani za leo hupitisha hata sumu zenye molekuli kubwa. Lakini majaribio makubwa ya Marekani mwaka 2008, na ya Australia na New Zealand mwaka 2009, yalionyesha kwamba kuwachuja damu mahututi kwa nguvu zaidi hakukuokoa maisha zaidi.

Matokeo hayo yanatuhusu sana sisi wa Kanda ya Ziwa, maana nguvu zaidi si sharti la kuokoa maisha. Mama aliyevuja damu akijifungua, mtoto mwenye malaria kali: figo zao mara nyingi huamka zikisaidiwa siku chache. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilianza mwaka 2009 kuwatibu wagonjwa wa namna hiyo kwa kutumia utando wa ndani ya tumbo la mgonjwa mwenyewe. Maji maalumu huingizwa tumboni kwa mrija, hukaa, kisha hutolewa pamoja na taka. Njia hii husafisha polepole kuliko mashine, lakini haihitaji umeme. Inauma kwamba bado tunajivunia idadi ya mashine za mijini, ilhali hospitali ya wilaya ingeweza kuanza na mrija, maji yasiyo na vijidudu na wauguzi waliofunzwa.